Kumiliki pikipiki ya umeme: hesabu yake yote, kuanzia soketi hadi betri inapochoka

Anayenunua pikipiki ya petroli analipia injini siku ya kwanza, kisha mafuta anayalipia kidogo kidogo kila siku. Ya umeme haiendi hivyo. Hapo umelipia betri, na ndani ya betri mna safari zako za miaka kadhaa ijayo, zimelipiwa kabla hujatoka dukani. Ndiyo maana bei yake inashtua mwanzoni, na ndiyo maana umeme wenyewe baadaye unaonekana kama wa bure. Ndiyo maana pia watu wawili wenye pikipiki ya aina moja, mmoja anaisifia kila anapokaa na mwingine anatafuta wa kumuuzia. Wote wawili wanasema kweli. Wanachotofautiana ni kilomita zao na betri zao, na hizo ndizo tutakazozipigia hesabu hapa.

Bei za fedha sitaziweka, kwa sababu zinabadilika kila mahali na kila mwezi. Nitatumia lita ya petroli kuwa kipimo. Wewe utaweka bei zako.

Hatua ya 1: Andika kilomita zako, hasa za siku ngumu

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kilomita unazosoma kwenye dashibodi asubuhi na jioni, na pembeni andika kama ulibeba mtu, mzigo, au ulipanda milima. Wiki mbili zikiisha usitafute wastani. Tafuta siku iliyokuwa ndefu kuliko zote. Siku ya kilomita 90 ikikukuta na betri ya kilomita 60, zile siku kumi za kilomita 30 hazitakusaidia kusukuma.

Andika pia pikipiki inalala wapi. Ikikaa saa sita au nane mfululizo karibu na soketi iliyo salama, nusu ya kazi imekwisha. Kama huna mahali pa uhakika pa kuchaji, anza na hilo kabla ya kutazama pikipiki yoyote.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha betri, achana na bango

Bango la dukani litakwambia kilomita. Kibandiko cha betri kitakwambia volti na ampea-saa, na hapo ndipo ukweli ulipo. Zidisha namba hizo mbili upate wati-saa. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880, yaani kilowati-saa 2.88. Kilowati-saa moja ndiyo ile tunayoiita uniti kwenye mita ya umeme ya nyumbani.

Sasa gawa kwa matumizi ya kila kilomita. Pikipiki ndogo ya mjini, dereva peke yake, mwendo wa polepole na barabara tambarare, hula kama wati-saa 25 kwa kilomita. Kwa matumizi ya kawaida, yenye kusimama na kuondoka na abiria mara mojamoja, weka 35. Ukikimbia kilomita 80 kwa saa, hesabu 50 au zaidi. Pikipiki kubwa za barabara kuu hupita 80.

Kwa mfano wetu, 2,880 ukigawa kwa 25 unapata kilomita 115, na hiyo ndiyo namba inayopendwa na mabango. Kwa 35 unapata 82. Lakini hakuna anayepaswa kupanga safari hadi betri iishe kabisa, kwa hiyo acha asilimia 20 ya akiba: zimebaki 66. Miaka inapita, betri inashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa awali, nawe bado unaacha akiba ileile: sasa ni 53. Pikipiki uliyoambiwa inakwenda kilomita 115 ndiyo hiyohiyo itakayokupa 53 bila wasiwasi uzeeni mwake. Linganisha 53 na ile siku ndefu uliyoiandika kwenye daftari. Ikitosha, hiyo ni betri yako. Isipotosha, nunua kubwa zaidi au tafuta mahali pa kuongeza chaji mchana.

Kuhusu mwendo, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 60, upepo unakudai mara mbili na robo ya nguvu ile ya mwanzo kwa kila kilomita. Siku betri ikiwa ndogo na nyumbani ni mbali, kupunguza mwendo kunaokoa kuliko jambo lingine lolote unaloweza kulifanya ukiwa juu ya tandiko.

Hatua ya 3: Jua betri imetengenezwa kwa nini

Ziko aina tatu utakazokutana nazo.

Ya asidi, yenye madini ya risasi, ni nzito, ni rahisi kununua, na inakufa mapema: chaji kamili 300 hadi 500 ukiitunza. Ya lithiamu yenye nikeli, manganisi na kobalti, kwa kifupi NMC, ni nyepesi na inabeba umeme mwingi katika nafasi ndogo, na huvumilia chaji 500 hadi 1,000 na ushei. Ya lithiamu yenye chuma na fosfati, LFP, ni nzito kidogo kuliko NMC lakini huvumilia chaji 2,000 na zaidi, na ni ngumu zaidi kushika moto. Kemia hii ya LFP ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, na mzee yule alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu alikuwa na miaka 97. Kwa mtu anayefanya kazi na pikipiki yake kila siku, mimi ningechagua LFP na kuvumilia uzito.

Swali la kumuuliza muuzaji, na jibu ulitake kwa maandishi: betri ya akiba ya pikipiki hii inauzwa kiasi gani leo, na ipo stoo? Baadhi ya betri huzungumza na kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme kutoka betri kwenda mota, kwa lugha ya kiwanda chake, hivyo huwezi kufunga nyingine hata kama volti zinalingana. Muuzaji asiyejua bei ya betri anakuuzia pikipiki ya miaka michache tu.

Hatua ya 4: Linganisha umeme na petroli

Pikipiki ya petroli yenye injini ya cc 100 hadi 150 huenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Tuchukue 45, ambayo ni lita 2.2 kwa kilomita 100. Ya umeme tulisema wati-saa 35 kwa kilomita, lakini chaja na betri hupoteza kama asilimia 12 ya umeme kwa njia ya joto, kwa hiyo mita ya ukutani itasoma 40. Kwa kilomita 100 hizo ni uniti 4.

Sasa gawa bei ya lita moja ya petroli unayonunua kwa bei ya uniti moja ya umeme unayolipa. Ukipata 1.8, gharama ya nishati ni sawa na hakuna unachookoa. Ukipata 6, kilomita 100 za petroli zinakugharimu sawa na uniti 13.2, na za umeme uniti 4: umeokoa karibu asilimia 70. Namba hii moja, ya lita kwa uniti, ifahamu kabla ya kusikiliza ushauri wa mtu yeyote. Na kama utachaji kwenye vituo vya biashara badala ya nyumbani, tumia bei ya kituo, kwa kuwa inaweza kuwa juu sana kuliko ya mita yako.

Hatua ya 5: Weka betri ndani ya hesabu

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa hiyo twende polepole.

Betri yetu ya 2.88, chaji kamili 1,000, na kwa kuwa inashuka taratibu kutoka asilimia 100 hadi 80, wastani wake ni 90. Hiyo ni takriban uniti 2,590 katika maisha yake. Kwa wati-saa 35, ni kilomita 74,000. Ikiwa ni LFP ya chaji 2,000, ni mara mbili ya hapo, ingawa betri huzeeka pia kwa miaka hata ikiwa imesimama tu.

Tuseme bei ya kuibadilisha ni sawa na bei ya lita 600 za petroli. Gawa kwa kilomita 74,000: unapaswa kuweka kando thamani ya lita 0.81 kila baada ya kilomita 100 ili siku betri ikichoka pesa iwepo. Tulipokuwa na uwiano wa 6, uliokoa lita 2.2 ukitoa lita 0.67 za thamani ya umeme (uniti 4 ukigawa kwa 6), yaani 1.53 kwa kila kilomita 100. Ukitoa akiba ya betri, zimebaki 0.72. Bado ni faida, lakini ni nusu ya ile unayoisikia vijiweni.

Jaribu sasa na betri ya asidi ya volti 60 na ampea-saa 20. Ina uniti 1.2. Kwa chaji 300, na wastani wa asilimia 80 ya uwezo, unapata kilomita kama 8,200. Hata ikiuzwa kwa thamani ya lita 150 tu, kila kilomita 100 inakula lita 1.83 za betri. Ulikuwa unaokoa 1.53. Umepata hasara, na umeipata kwa kununua kilicho rahisi. Nimeona vijana wakiingia kwenye mtego huu kwa nia njema kabisa ya kubana matumizi, na inaniuma.

Hatua ya 6: Lini fedha itarudi

Chukua bei ya pikipiki ya umeme, toa bei ya ile ya petroli inayolingana nayo nguvu. Tuseme tofauti ni thamani ya lita 400. Gawa kwa 1.53, kwa kuwa betri ya kwanza imo tayari kwenye bei ya pikipiki: ni kilomita 26,100. Anayekwenda kilomita 100 kwa siku anazimaliza ndani ya miezi tisa. Anayekwenda kilomita 15 anahitaji karibu miaka mitano. Yule wa kwanza atabadilisha betri mapema, lakini atakuwa amekwisha kujilipa. Wa pili huenda betri yake ikazeeka kwa umri kabla hajarudisha chake. Kama unanunua kwa mkopo, ongeza riba yote kwenye ile tofauti kabla ya kugawa.

Upande wa matengenezo kuna nafuu ya kweli. Hakuna oili, plagi, chujio la hewa, klachi wala kurekebisha vali. Pikipiki ndogo ya petroli hubadilishwa oili kila kilomita 2,000 au 3,000, kwa hiyo kwa kilomita 30,000 umeepuka mara kumi hadi kumi na tano. Vinavyobaki ni tairi, pedi za breki, beringi, shokomzoba, na cheni kama mota haiko ndani ya gurudumu. Tairi la nyuma huisha haraka kuliko ulivyozoea, kwa sababu mota hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Bima, leseni na usajili ulizia mapema. Sehemu nyingi hupanga daraja la leseni kwa kilowati za mota, na mota ina nguvu mbili, ya kudumu na ya kilele, kwa hiyo uliza ni ipi inayohesabiwa.

Waranti isome yote. Angalia miaka na kilomita, kipi kinatangulia. Angalia betri ikishuka hadi asilimia ngapi ndipo wanabadilisha. Na angalia kama matumizi ya biashara yametengwa. Mtu anaweza kubeba abiria mwaka mzima akiamini ana waranti, kumbe ilikwisha siku alipompakia wa kwanza.

Hatua ya 7: Andaa mahali pa kuchaji

Chaja ya volti 84 na ampea 10 hutoa wati 840, na kutoka ukutani huvuta chini ya kilowati moja. Hiyo ni chini ya pasi nyingi. Tofauti ni kwamba pasi huitumia dakika chache, na chaja hukaa saa nne. Soketi iliyolegea ambayo haijawahi kukusumbua itapata moto taratibu hadi plastiki ibadilike rangi. Baada ya nusu saa ya kuchaji kwa mara ya kwanza, gusa plagi na waya kwa kiganja. Uvuguvugu si tatizo. Ikikulazimisha kuondoa mkono, zima, mwite fundi umeme. Ekstensheni nyembamba iliyokunjwa kama mviringo usiitumie kabisa.

Chaji kwenye sakafu ngumu, mbali na magodoro na mapazia, na kamwe usichaji kwenye mlango pekee wa kutokea. Betri ya lithiamu ikishika moto hakuna muda wa kuhamisha kitu: toka, toa watu, ita zimamoto, na usirudi hata ukiona umezimika, maana huweza kuwaka tena. Tumia chaja iliyokuja na betri. Chaja ya betri nyingine, hata plagi ikiingia, inaweza kuwa na volti za juu kuliko seli, yaani betri ndogondogo zilizo ndani yake, zinavyostahimili.

Njia nyingine ni kubadilishana betri vituoni, kama kampuni ya Gogoro inavyofanya Taiwan tangu 2015: unaingiza iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Bei ya kununua pikipiki inashuka na hofu ya betri kuchoka si yako tena. Gawa ada ya mwezi kwa kilomita zako za mwezi, kisha linganisha na jumla ya umeme na akiba ya betri tuliyopiga hapo juu. Ila uliza kama pikipiki inaweza pia kuchajiwa nyumbani. Kama haiwezi, siku vituo vikifungwa umebaki na chuma.

Hatua ya 8: Ijaribu, hasa kama ni ya mkono wa pili

Izime. Isukume hatua kumi. Inapaswa kutiririka. Yenye mota ndani ya gurudumu itakuwa na ukinzani mwepesi, na hilo ni kawaida. Lakini ikiwa nzito na kama inakatakata, unasukuma inagoma, unasukuma inagoma, kuna njia ya umeme iliyoungana ndani ya kontrola au kwenye nyaya tatu nene za mota. Hilo ni tatizo la fedha nyingi, na umeligundua kwa miguu yako.

Inama utazame mhimili wa gurudumu la nyuma. Nyaya hutokea humo. Nati zikilegea, mhimili huzunguka na kuzisokota nyaya hadi zikatike. Ukiona mikwaruzo mipya pale nati inapokaa, au waya uliopinda isivyo kawaida, uliza.

Sasa ipande. Tafuta mlima betri ikiwa nusu, ondoka ukiangalia volti, fungua akseleta yote. Betri ya volti 72 iliyo nzima itashuka volti tatu hadi tano na kurudi mara unapoachia. Iliyochoka itaporomoka kumi au zaidi, na pengine pikipiki itazima yenyewe kwa kuwa bodi ya kulinda seli, BMS, imekata umeme.

Kipimo cha mwisho hakidanganyi. Nunua mita ndogo inayochomekwa kati ya soketi na chaja. Iendeshe pikipiki hadi betri iwe karibu tupu, kisha ijaze ukisoma uniti. Betri ya 2.88 iliyo mpya itachukua kama uniti 3.3. Ikijaa kwa 2.2, theluthi ya betri imekwenda, na bei lazima ishuke kwa theluthi ya bei ya betri mpya. Muuzaji akikataa kipimo hiki, ondoka.

Hatua ya 9: Ishi nayo

NMC usiijaze hadi 100 kila siku kama huhitaji. 80 au 90 inatosha, na jaza yote usiku wa kuamkia safari ndefu. LFP ni tofauti: ijaze kabisa walau mara moja kwa wiki, kwa sababu seli zake husawazishwa mwishoni mwa chaji, na volti zake hubaki palepale kwa muda mrefu hivi kwamba kipimo cha dashibodi hupoteza hesabu. Ukitoka safari ndefu juani, iache ipoe nusu saa kabla ya kuchomeka. Kwenye baridi chini ya sifuri usichaji hadi betri ipate joto la ndani ya nyumba. Ukisafiri mwezi mzima, iache ikiwa na asilimia 40 hadi 60, mahali pa baridi kiasi.

Mvua haina shida kama betri na mota vina daraja la IP67, ambalo linapimwa kwa kuzamisha kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Mashine ya kuoshea yenye msukumo mkali ni jambo lingine: husukuma maji kupitia mipira ya kuzibia. Osha kwa ndoo na kitambaa. Na kumbuka hakuna anayekusikia ukija. Watoto na wazee huvuka kwa kusikiliza. Punguza mwendo panapo watu, na honi iguse mapema.

Endelea na daftari lako. Kila mwezi andika kilomita na uniti za mita. Uwezo wa betri haushuki ghafla bila dalili; uniti za kujaza kutoka karibu tupu zitapungua kidogo kidogo, nawe utajua miezi kadhaa kabla kwamba ile akiba ya lita 0.81 itahitajika. Ikibaki asilimia 70 haifai tena kwa kazi ya barabarani, lakini bado inaweza kuhifadhi umeme wa jua kwa taa za nyumbani, mradi kazi hiyo ifanywe na fundi wa betri. Usiifungue mwenyewe wala kuitupa jalalani. Mrudishie muuzaji, na kama alikubali kuipokea kwa punguzo la bei ya mpya, hakikisha ahadi hiyo iliandikwa kwenye risiti tangu siku uliyonunua.